Kupiga Picha Mji Mkongwe na Kuzihariri kwa Nakala Mbili

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya msafiri atakayekaa Mji Mkongwe wa Zanzibar siku tatu au nne, mwenye kamera ya kawaida au simu janja inayoweza kuhifadhi faili ghafi, na ambaye akirudi nyumbani angependa kukaa mbele ya kompyuta na kufanya majaribio badala ya kubandika kichujio kimoja juu ya picha zote. Nimeuchagua mji mmoja kwa makusudi, kwa sababu mwanga wa pwani yetu una tabia zake, na maelekezo yanayotoka nchi za baridi, ambako jua huchwa polepole, humpotosha anayeyafuata huku.

Kuna jambo moja linalobeba kazi yote iliyoelezwa hapa, nalo ni kwamba kila picha unayoipenda uitengenezee nakala mbili. Ya kwanza ni nakala ya kumbukumbu, ambayo hurekebishwa mpaka ifanane na ulichokiona pale uliposimama. Ya pili ni nakala ya jaribio, ambayo haina mpaka: unaweza kuigeuza rangi, kuichanganya na picha nyingine, au kuwaondoa watu wote barabarani. Nakala hizi mbili zisipochanganywa, mtu huwa huru kujaribu lolote bila hofu. Zikichanganywa, baada ya miaka mitano hata aliyepiga picha hatajua tena kama bahari ya siku ile ilikuwa ya kijani au aliipaka rangi mwenyewe.

Kabla ya kuvuka bahari

Ingia kwenye mipangilio ya kamera, uiambie ihifadhi faili ghafi, yaani RAW, pamoja na JPEG. Sababu yake ni ya kihesabu. Faili la JPEG huwa na ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili ghafi la biti 12 lina ngazi 4,096, na la biti 14 lina ngazi 16,384. Ukichukua ukuta wa chokaa uliokuwa kivulini na kuuongezea mwanga, JPEG huanza kuonyesha mistari na madoa mahali ambapo faili ghafi bado lina mengi ya kutoa. Gharama yake ni nafasi: kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi la megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 huchukua faili ghafi 2,000 hivi, na pungufu ya hapo ukihifadhi JPEG pamoja nazo. Kwa safari ya siku nne, hizo zinatosha na kubaki. Wenye simu za Android wanaweza kutumia programu ya bure ya Open Camera, ambayo huhifadhi faili la aina ya DNG, yaani aina mojawapo ya faili ghafi, iwapo simu yenyewe inaruhusu. Lightroom ya simu nayo hufanya hivyo.

Lenzi moja inatosha. Vichochoro ni vyembamba, na mara nyingi hutakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo lenzi pana ya milimita 28 au 35 itakufaa kuliko lenzi ndefu nzito inayowatisha watu. Chukua kitambaa laini na kiwe na unyevu kidogo, kwa kuwa upepo wa bahari huacha chumvi juu ya kioo, na chumvi ikifutwa kavu hukwaruza. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi kwa nusu saa, kwani ukiitoa moja kwa moja kwenye joto na unyevu wa nje, ukungu huganda juu ya lenzi na hata ndani yake.

Kisha nunua daftari dogo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote vilivyotajwa, na ndicho kinachoachwa nyumbani na karibu kila mtu. Baada ya kila mahali ulipopiga picha, andika mistari miwili: saa ngapi, ulikuwa umeelekea wapi, ukuta ulikuwa na rangi gani machoni pako, kivuli kilikuwa cha bluu au cha joto. Kamera huandika tarehe, kasi ya shata na tundu la lenzi, lakini haiandiki ulichokiona. Bila daftari, nakala ya kumbukumbu hugeuka kuwa kubahatisha.

Jua la Unguja na namna ya kulipima

Unguja iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba jua huchomoza na kuchwa karibu wima, likipanda au kushuka nyuzi 15 hivi kila saa, na kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa na wapiga picha wote hudumu takribani dakika 25 tu. Jua likishazama, zimebaki dakika 20 na kidogo kabla giza halijaingia. Anayesubiri mpaka jua liwe jekundu ndipo atafute pa kusimama amekwisha kuchelewa. Nenda Forodhani saa kumi na moja jioni, chagua mahali pako, uone vijana wanaporukia baharini kutoka ukutani, kisha subiri. Mji umeelekea magharibi upande huo, hivyo jua litakuwa mbele yako na vijana wataonekana kama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Kasi ya shata ya sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde itawasimamisha hewani bila ukungu.

Ndani ya vichochoro mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo penye utajiri. Nyumba ni ndefu na njia ni finyu kiasi kwamba jua lenyewe hugusa ardhi kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri. Saa zilizobaki, mwanga hugonga ukuta wa juu wa upande mmoja, hurudi kwenye ukuta wa pili, na kushuka chini ukiwa umelainika. Chokaa ya kuta hizo hufanya kazi ile ile inayofanywa na vitambaa vyeupe vya studio. Kwa hiyo saa tatu au saa nne asubuhi, wakati ufukwe umeshakuwa mkali, kichochoro cha Kiponda au Hurumzi bado kina mwanga laini unaofaa sura ya mtu na nakshi za mlango. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 8 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa; siku hizo mchana wa nje uache, au upige picha za vitu badala ya nyuso.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe, kitaupiga ukiwa wa kijivu, na itakubidi uongeze theluthi mbili za stopu au hata stopu nzima (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) kwenye kitufe cha kufidia mwangaza. Lakini kuna mpaka. Katika safari yangu ya kwanza, asubuhi ya Idi, niliwapiga picha waumini wakitoka msikitini juani, kwa JPEG, nikiamini kioo cha nyuma ya kamera. Kanzu zote zilitoka nyeupe kavu, bila mshono wala mkunjo, na hakuna programu iliyoweza kuurudisha uzi ambao kamera haikuuona. Tangu siku hiyo hutazama histogramu, yaani grafu inayoonyesha sehemu za giza kushoto na za weupe kulia, kila mwanga unapobadilika. Grafu yake ikibanana kwenye ukingo wa kulia, punguza mwangaza mpaka iachane na ukingo huo. Vivuli utaviinua baadaye katika faili ghafi, lakini weupe uliopotea haurudi.

Watu kwanza, kamera baadaye

Kamera ibaki begini mpaka salamu ziishe. Mzee aliyekaa barazani huamkiwa kwa shikamoo, hujibu marahaba, huulizwa hali na habari za asubuhi, ndipo ombi lije: "Mzee wangu, naomba ruhusa yako nikupige picha hapa ulipokaa." Akikataa, shukuru na uendelee kukaa naye kidogo, ili aone kwamba hukuja kwa ajili ya picha peke yake. Pale Jaws Corner wanapokaa watu kunywa kahawa na kucheza bao, agiza kahawa yako kwanza. Wanawake waombwe kwa heshima na wasibembelezwe. Watoto wapigwe picha kwa idhini ya mzazi au mlezi aliyepo. Msikiti usipigwe picha wakati watu wanasali. Majengo ya jeshi na polisi, bandari na Ikulu yaache kabisa.

Picha zilizopatikana kwa njia hii huwa chache, na huwa bora. Sura ya mtu aliyekubali ina utulivu ambao hakuna kitelezi cha programu yoyote kinachoweza kuuongeza.

Siku moja ya bamvua

Ukipata siku ya ziada kwenda Paje au Jambiani, upande wa mashariki, itazame kwanza kalenda ya mwezi. Maji ya pwani hii hupishana kwa kiasi cha mita 4 hivi wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo kupwa kukubwa huangukia asubuhi, karibu na saa nne, kisha husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Ndizo siku ambazo wanawake huingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989. Anayekwenda siku za maji mafu atakuta bahari tupu, na kosa halitakuwa la mtu mwingine.

Saa nne jua limekwisha kupanda sana, lakini maji mafupi juu ya mchanga mweupe hurudisha mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya uso wa mtu aliyeinama. Inama nawe, kamera iwe karibu na kimo cha kiuno chake. Kichujio cha polaraiza kina faida kubwa hapa, kwa sababu hukata mng'ao wa juu ya maji na kuonyesha mistari ya mwani chini yake, na hii ni kazi isiyoweza kufanywa baadaye kwenye kompyuta: mng'ao ukishaficha kilicho chini, programu haina cha kufichua. Kumbuka tu kwamba kichujio hicho hula mwanga wa stopu moja na nusu hivi. Watu hawa wako kazini na maji yatarudi. Omba ruhusa, piga kwa muda mfupi, na usiwaambie wasimame au wageuke.

Kuchagua kabla ya kugusa

Nyumbani, nakili kadi yote mara mbili kabla ya kufungua picha hata moja, na kadi usiifute. Kisha subiri siku kadhaa. Mtu aliyetoka safarini leo huipenda picha kwa sababu ya uchovu alioupata kuifikia, na hiyo si sifa ya picha. Katika picha 600, nikibakiza 30 huwa nimeridhika. Nazitupa zilizofanana, zenye ukungu wa mkono, na zile ambazo uzuri wake uko kwenye kichwa changu na si kwenye fremu.

Programu za bure zinatosha kabisa. Kwa faili ghafi kuna darktable na RawTherapee, zinazofanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Kwa kazi ya matabaka kuna GIMP. Kwenye simu kuna Snapseed, ambayo hufungua pia faili la DNG. Faida ya darktable na wenzake ni kwamba haigusi faili lako: huandika maagizo yako katika faili dogo la pembeni, na unaweza kurudi nyuma hata baada ya miaka.

Nakala ya kumbukumbu

Fungua daftari pamoja na picha. Anza kwa kunyoosha mstari wa upeo wa macho na kuta zilizoegemea, kwani kamera iliyoinuliwa juu kichochoroni hufanya nyumba zionekane zinaangukiana. Programu ina chombo cha kurekebisha wima. Kitumie kwa kiasi, ukiacha mwegemeo mdogo, kwa sababu nyumba za Mji Mkongwe zenyewe hazijanyooka, na jengo lililonyooshwa kupita kiasi huonekana limevutwa juu kama mpira.

Baada ya hapo shughulikia mizania ya weupe, yaani marekebisho yanayofanya kitu cheupe kionekane cheupe katika mwanga wowote. Kivuli cha kichochoro hupata mwanga wake kutoka mbinguni, nao ni wa bluu. Kipimo cha kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 7,000 hadi 8,000 huurudisha ukuta kwenye weupe, ilhali juani kelvini 5,500 hutosha. Wengi hubofya chombo cha kuchagua weupe juu ya ukuta wenyewe, na hukosea, kwa kuwa chokaa iliyozeeka ina rangi ya maziwa au ya udongo, na ukiifanya kuwa nyeupe tupu unaifuta miaka yake. Njia bora ni kupiga karatasi nyeupe mara moja katika mwanga ule ule, kisha kunakili kipimo chake. Picha za machweo na za taa za Forodhani usizisawazishe hivyo; ule wekundu ndio uliouona.

Mwangaza wa jumla hufuata, kisha weupe uliokithiri ushushwe, na vivuli viinuliwe mpaka pale daftari linaposema uliona kitu. Kama kona ilikuwa giza machoni pako, iache giza. Kwa rangi, tumia kitelezi kinachoongeza nguvu kwenye rangi hafifu pekee kuliko kile kinachoongeza rangi zote kwa pamoja, maana bahari ya Unguja ina rangi kali tayari, na ikisukumwa zaidi hugeuka kuwa bapa moja lisilo na mawimbi.

Sura za watu zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa Shirley, na ngozi nyeusi haikuwemo katika hesabu hiyo. Hata leo kitufe cha kurekebisha chenyewe, pamoja na vichujio vingi vya simu, hukiona kivuli cha ngozi nyeusi kama kosa la mwanga na kukiinua, na matokeo yake ni ngozi yenye rangi ya majivu. Fanya kinyume: acha uso uwe na kina chake, chora barakoa, yaani alama inayoyawekea marekebisho mipaka, juu ya uso peke yake, ongeza mwanga kidogo pale unapong'aa kwa asili, kwenye paji la uso na mashavu, na uhakikishe kwamba kivuli cha shingo kimebaki na wekundu wake na hakijawa kijivu. Kumpa mtu ngozi ambayo si yake ni kumkosea, hata kama picha imependeza.

Punguza chembechembe, ongeza ukali kidogo, hifadhi. Nakala ya kumbukumbu imekwisha.

Nakala ya jaribio

Mwaka 1987 John Knoll alimpiga picha Jennifer, aliyekuja kuwa mke wake, akiwa amekaa ufukweni Bora Bora, na picha hiyo ya likizo ndiyo aliyoitumia kuonyesha watu programu aliyoitengeneza na ndugu yake Thomas, ambayo Adobe iliitoa mwaka 1990 kwa jina la Photoshop. Miaka mitano kabla ya picha hiyo, toleo la Februari 1982 la gazeti la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza karibu kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la wima, na wasomaji walilalamika kwamba wameonyeshwa mahali pasipokuwapo. Katika visa vyote viwili ni picha ya safari iliyoguswa, na tofauti ni kwamba mmoja aliwaambia watazamaji wake kuwa anajaribu, na mwingine hakuwaambia. Kwa hiyo kila faili la jaribio lipewe neno "jaribio" katika jina lake tangu siku ya kwanza.

Anza na mlango. Milango ya mji huu yenye mfaa wa kati uliochongwa na njumu za shaba hupoteza nusu ya nguvu zake katika rangi, kwa sababu jicho hukimbilia bango jekundu la duka la jirani. Igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa chombo kinachokuruhusu kuchanganya rangi moja moja. Kitelezi cha machungwa na cha njano hutawala mbao na shaba. Ukivipandisha, nakshi hung'aa. Kitelezi cha bluu hutawala kivuli na anga. Ukikishusha, mlango hutoka mbele. Sogeza kila kimoja mpaka mwisho wake kabla ya kuamua, kwani huwezi kujua kitelezi kinafanya nini mpaka umekiona kikiharibu. Kisha tumia mkunjo wa toni, yaani mstari unaopangia giza na mwanga wa picha: chini uvute kidogo, juu uinue kidogo, katikati uache.

Jaribio la pili ni kuwatawanya watu kwa kutumia wastani. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu mbele ya Ngome Kongwe, usiiguse tena, na upige picha 10, moja kila baada ya sekunde 20 au 30. Zifungue zote katika GIMP kama matabaka, moja juu ya nyingine. Tabaka la chini kabisa liwe na uzito (opacity) wa asilimia 100, la pili asilimia 50, la tatu 33, la nne 25, na kuendelea hivyo mpaka la kumi liwe na asilimia 10, yaani kila tabaka hupewa mia moja iliyogawanywa kwa nambari yake. Ukifika juu, kila picha imechangia sehemu sawa. Ukuta, ambao haukusogea, umebaki imara. Mtu aliyepita mara moja amebaki na sehemu 1 tu kati ya 10 ya nguvu zake, kama moshi. Chembechembe za usiku nazo hupungua hadi karibu theluthi moja, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili (square root) cha idadi ya picha: picha 4 huzipunguza nusu. Njia hii naipenda kuliko kifutio cha kisasa kinachobuni kilichokuwa nyuma ya mtu, maana hapa kila pikseli ilipigwa kweli, na wale watu wa moshi wanasema kwamba njia ilikuwa na pitapita.

Jaribio la tatu ndilo ningemshauri kila msafiri alifanye walau mara moja: kupiga tena picha ya kale. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wa studio tangu karne ya 19, A. C. Gomes akiwa mmoja wao, na Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930, imehifadhi na kuuza picha nyingi za mji wa zamani. Mkusanyiko wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha za Afrika Mashariki za kuanzia karne hiyo ambazo huonekana mtandaoni. Chagua picha moja ya ufukwe wa mbele ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, uichapishe, na uende nayo.

Kwanza itambue tarehe. Kama mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Uingereza zilipoupiga mzinga upande huo wa mji. Kama mnara wa saa uko kwenye uso wa jumba lenyewe, ni ya baada ya ukarabati uliofuata. Kisha tafuta mahali mpiga picha wa zamani aliposimama, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kukuza kwa lenzi hakubadilishi uhusiano wa kilicho karibu na kilicho mbali, kusogea kwa miguu ndiko hubadilisha. Tafuta katika picha ya kale vitu viwili vinavyogusana machoni, kwa mfano ukingo wa ngome na dirisha la nyumba ya nyuma yake, utembee mpaka navyo viguse vivyo hivyo mbele yako. Huenda ikachukua nusu saa, na wenyeji watakusaidia wakiiona karatasi. Mimi nilielekezwa na mzee aliyeniambia kwamba ufukwe wa zamani ulikuwa huku nyuma, na kwamba nilikokuwa nimesimama palikuwa maji.

Kwenye kompyuta, weka picha ya kale kama tabaka la juu lenye uzito wa asilimia 50. Iburute na kuikuza mpaka nukta moja isiyobadilika ilingane, kisha tumia chombo cha kupinda mtazamo kulinganisha nukta tatu nyingine. Hazitalingana zote, zipe kipaumbele zilizo katikati. Rudisha uzito kwenye asilimia 100, ongeza barakoa, na kwa brashi laini kubwa fungua sehemu za picha mpya taratibu, ukiacha mpaka upite mahali penye maana, kama vile katikati ya nguzo au juu ya bega la mtu. Usiipake ya kale rangi. Acha kahawia yake ikutane na rangi za leo bila kufichwa.

Kwa jaribio hili nakala ya kumbukumbu huonekana thamani yake waziwazi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Picha za kawaida za wasafiri zilizopigwa kabla ya siku ile, zenye nyaya zake, nyufa zake na nguo zilizoanikwa jirani, zikawa ushahidi wa hali ya nguzo na roshani zilivyokuwa. Nyufa zilizofutwa ili picha ipendeze hazina msaada kwa fundi wala kwa mwanahistoria.

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu yanajieleza: kubadilishana chaneli za rangi nyekundu na bluu ili bahari iwe ya machungwa, kuunganisha picha za usiku kwa hali inayochagua nukta angavu zaidi ili taa za vyombo baharini ziache mistari, na kuunganisha mandhari mapana kwa programu ya Hugin. Jaribu yote.

Kuhifadhi na kupeleka

Tengeneza folda mbili kwa kila safari, "kumbukumbu" na "jaribio", na ndani ya maelezo ya kila faili uandike mahali, tarehe na yale yaliyosemwa na mistari miwili ya daftari. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na nyumba yako. Za kuweka mtandaoni zihifadhi katika rangi za sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini. Rangi za mifumo mingine hufifia kwenye simu za watu.

Mwisho, chapisha. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1,181 kwa 1,772 tu, ambazo hata simu ya zamani inazo. Wote waliokubali kupigwa picha wachapishiwe, na iwe nakala ya kumbukumbu, si ya jaribio. Nyuma yake andika tarehe na mtaa kwa kalamu ya wino usiofutika, iingize kwenye bahasha ngumu, na umpe mtu anayevuka kwa boti pamoja na maelekezo ya baraza aliyokuwa amekaa mzee, saa anazokaa, na upande wa kichochoro ulio na kivuli asubuhi.